Mshale Unaolala Tenki Likijaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituoni, Iringa, siku ya Ijumaa tarehe 11 Julai 2025, kuanzia saa 3:20 asubuhi.

Jina: Aroni Luvanda
Umri: Miaka 61
Kabila: Mbena
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi umeme wa magari
Makazi: Mlandege, Iringa
Kosa linalochunguzwa: Wizi wa petroli ya gari
Mlalamikaji: Adrian Mgimba, wa Mbeya mjini
Mtuhumiwa: Budeba Masunga, dereva, yuko mahabusu tangu Jumatatu tarehe 7 Julai

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na afande Koplo Frida kwamba nikisema uongo kwa kujua naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nami nimemweleza kwamba nina hasira, na nimeomba aandike hivyo hapa mwanzoni, ili baadaye asitokee mtu wa kusema mzee alikuwa na hasira akaificha. Sijanywa kitu zaidi ya chai.

Nina karakana yangu Mlandege tangu mwaka 1993. Kazi yangu ni waya, taa, stata na geji. Injini sigusi. Watu huniletea magari ya zamani kwa sababu mafundi wa siku hizi wakikosa pa kuchomeka kompyuta wanasema gari limekufa.

Gari linalohusika nalijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Ni Pijo 504 stesheni, rangi ya maziwa, la mwaka 1979. Lilikuwa mali ya marehemu Mwalimu Edmund Mgimba, aliyefariki tarehe 2 Februari mwaka huu. Mtuhumiwa Budeba aliliendesha miaka kumi na minne, tangu macho ya Mwalimu yalipoanza kupungua nguvu. Mlalamikaji Adrian ni mtoto wa Mwalimu. Baada ya msiba wanafamilia walikubaliana gari liwe lake, naye akaamua kulifanya gari la kukodisha maharusi, kwa sababu siku hizi watu wanapenda kupigia picha kwenye magari ya zamani. Hilo halina ubaya. Nalitaja ili ieleweke kwamba gari hilo alianza kulijua mwezi wa pili, wakati sisi wengine tulikuwa tumezeeka nalo.

Mnamo mwezi Agosti mwaka 2014, tarehe siikumbuki, Mwalimu Edmund na Budeba walikuja karakana asubuhi wakasema geji ya mafuta imekufa, mshale hauamki. Nilianza na fyuzi, nikaikuta nzima. Nikachomoa ule waya wa geji unaokwenda kwenye tenki nikaugusisha kwenye bodi ya gari. Mshale ukaruka mpaka mwisho. Maana yake geji ni nzima na waya ni mzima, mbovu ni floti, yaani kile kifaa chenye mkono na boya kinachokaa ndani ya tenki, mafuta yakipanda nacho kinapanda. Nilipoitoa nikakuta boya limetoboka, limejaa petroli na limezama kama jiwe.

Floti ya Pijo Iringa nzima haikuwepo. Siku ya tatu nikapata floti ya lori la zamani kwa muuza skrepa Mafinga. Nikaipinda mkono, nikapanua matundu, ikakaa. Lakini nilipounga waya ikawa vituko. Tenki likijaa, mshale unalala kwenye alama ya tupu. Tenki likikauka, mshale unasimama kwenye alama ya kujaa. Wala si uchawi, afande. Floti nyingine hupitisha umeme mwingi tenki likijaa, nyingine tenki likiisha. Ile ya lori ilikuwa ya aina ya pili na geji ya Pijo ni ya aina ya kwanza.

Nikamwambia Mwalimu hii haifai, nipe muda. Alikuwa na safari kesho yake. Akaniuliza, "Inasema kweli?" Nikamjibu kweli inasema, ila kinyume. Akasema, "Basi funga. Hiyo ni lugha tu, na mimi nimefundisha lugha miaka thelathini na sita."

Nikafunga. Nilimwahidi kwamba nitaitafuta floti ya Pijo yenyewe, naye akanikumbusha kuwa ahadi ni deni. Kabla ya kuirudisha tenkini nilikwangua kwa msumari juu ya mfuniko wa ile floti: A.L. KINYUME 2014. Ndivyo nilivyofundishwa na fundi wangu wa kwanza. Alikuwa akisema fundi asiyeandika jina lake kwenye kazi yake anajiandaa kuikana. Kila kifaa ninachofunga kina herufi zangu na mwaka. Watu huwa wananicheka.

Tangu siku hiyo Mwalimu na Budeba walikuwa na maneno yao. Mwalimu haoni vizuri, yuko kiti cha mbele, anauliza, "Budeba, mshale unasemaje?" Budeba anajibu, "Umelala, Mwalimu. Tumeshiba." Ikazoeleka hadi ikawa salamu ya nyumba ile. Ukimuuliza Budeba habari za watoto anakwambia mshale umelala. Mwaka mvua zilipokatika kwao Ubaruku na mpunga ukakauka, nilimuuliza habari za shamba, akasema mshale umesimama, fundi, umesimama wima. Nilielewa kwamba hawakuvuna hata gunia.

Pamoja na hayo, Budeba hakuutegemea mshale peke yake. Alikuwa na ufito wa mwanzi uliokatwa alama tano kwa kisu, anauweka chini ya kiti. Kila akitia mafuta anauchovya kwenye tenki na kutazama ulipolowa. Dereva wa namna hiyo ndiye amekaa mahabusu siku ya tano kwa wizi wa mafuta.

Mwezi Desemba mwaka jana, wiki moja kabla ya Krismasi, Mwalimu alikuja karakana kwangu kutengeneza honi. Budeba alimwambia mbele yangu kwamba binti yake Regina amepata mchumba huko kwao Ubaruku. Mwalimu akasema, "Pijo ndiyo itampeleka kanisani, na wewe ndiye utaendesha." Nilikuwepo na nimesikia kwa masikio yangu. Mwezi wa pili Mwalimu akafa.

Harusi ya Regina ni kesho, Jumamosi tarehe 12 Julai, saa nne asubuhi, Ubaruku. Baba yake yuko nyuma ya ule mlango wa chuma, afande, hatua kumi na mbili kutoka hapa tulipokaa. Nimezihesabu wakati nakusubiri.

Tarehe 8 Februari, siku ya kumaliza matanga, nilimfuata Adrian pale uani kwao nikamsalimia kwa Kibena, "Kamwene," kisha nikamwambia, "Hilo gari la mzee lina jambo moja ulijue, geji yake inasoma kinyume." Alikuwa anaandika kwenye simu. Akasema sawa sawa, fundi, asante. Hakuinua uso. Nikajiambia nimefikisha. Sasa najua sikufikisha kitu.

Jumatatu tarehe 7 Julai, saa 3:15 asubuhi, Budeba alileta Pijo karakana. Alisema bosi anatoka Mbeya kwa basi kulichukua, na jana yake jioni alikuwa ametuma hela ya kujaza tenki. Alikuwa ametoka kujaza kituo cha mafuta kilichopo kule chini Ipogolo na risiti alikuwa nayo. Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki, akataka niitazame kabla bosi hajafika. Nilipofungua swichi mshale ulikuwa umelala kabisa. Budeba akachovya ufito mbele yangu ukatoka umelowa mpaka alama ya juu. Petroli ilinidondokea kwenye kidole. Kwa hiyo mimi ni shahidi wa macho kwamba saa 3:30 asubuhi tenki lile lilikuwa limejaa, na kuanzia hapo gari halikutoka karakana wala mtu hakuligusa zaidi yangu. Kama petroli iliibwa, basi ama niliiba mimi au niliinywa.

Saa 5:05 Adrian alifika kwa bodaboda. Hakusalimia. Aliingia kwenye gari, akafungua swichi, akatazama mshale, akauliza, "Mafuta yangu yako wapi?"

Budeba alitabasamu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu yeye alijibu kama alivyokuwa akimjibu Mwalimu. Alisema, "Mshale umelala, bosi. Tumeshiba."

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ile angecheka. Adrian alisoma shule za bweni, akaenda chuo, akaanza kazi Mbeya, lugha ya baba yake na dereva wake haijui. Akadhani anadhihakiwa, kwamba Budeba amekunywa mafuta yake na sasa anamwambia ameshiba. Nilimwona uso ulivyobadilika. Nikaingilia, nikamweleza habari ya floti ya lori tangu mwanzo, polepole, nikamkumbusha na siku ya matanga. Akasema, "Nyie mmejipanga." Budeba akampa risiti, Adrian akasema risiti mtu yeyote anaandikiwa, mafuta yakauzwa. Budeba akatoa ufito akaomba apime mbele yake.

Adrian akauchukua ule ufito, akasema, "Unanipimia mafuta kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe?" Akauvunja kwenye goti lake akautupa mtaroni. Kisha akasema maneno ambayo nayataja kama yalivyo: "Jana unanipigia simu kuomba gari la baba yangu kwa ajili ya harusi, leo unaninyonya mafuta. Wasukuma bwana."

Budeba aliutazama mtaro. Ni mtu wa miaka arobaini na tisa, wazazi wake walitoka Kwimba na ng'ombe wao kwenda Usangu, upande huo wa Ubaruku, yeye akiwa mdogo, na hayo maneno ameshayasikia sana huko barabarani. Mimi ndiye niliyejibu. Niliyomwambia Adrian afande amenishauri nisiyaandikishe.

Nilivitoa vile vipande viwili vya ufito mtaroni na nimekuja navyo. Alama ya juu bado inanuka petroli.

Saa 5:40 walikuja askari wawili wa kiume waliopigiwa simu na Adrian. Mmoja alifungua swichi, akatazama mshale, akasema, "Hapa tupu kweli." Nikamwambia afande, fungua mfuniko wa tenki uchungulie, au utikise gari usikie. Akanijibu, "Mzee, geji ni chombo cha kisheria?" Sikuelewa swali na mpaka leo sijalielewa. Wakamchukua Budeba. Akavua saa yake ya mkononi akanipa nimtunzie.

Adrian akawasha gari akaondoka nalo kurudi Mbeya. Nilimuuliza yule askari kabla hajapanda pikipiki: kama tenki ni tupu, hilo gari linaondoka na nini? Akasema nitaitwa kutoa maelezo.

Sikuitwa. Jumanne nilikuja hapa saa 2 asubuhi nikaambiwa mwenye jalada ametoka. Jumatano nilikuja nikaambiwa ana kikao. Afande Frida hakuwepo siku hizo na simlaumu. Lakini aandike kwamba nilikuja mara mbili, na mara zote mbili nilikaa kwenye lile benchi mpaka saa sita, na Budeba alinisikia sauti akaniita, nikakatazwa kuitika.

Jumanne hiyo hiyo, saa 7 mchana, nilishuka Ipogolo kwenye kile kituo cha mafuta. Nilimkuta dada anayeitwa Blandina, ndiye aliyemhudumia Budeba Jumatatu asubuhi. Nilimuuliza kama alijaza kweli. Akasema alijaza mpaka juu, tena Budeba alimwambia, "Mwanangu, usimwage, mafuta ya watu hayo." Halafu Blandina akaniuliza kama yule kaka wa Pijo alipona. Nikamuuliza kaka yupi.

Alinieleza hivi. Jumatatu, saa sita hivi mchana, Pijo ile ile ilirudi kituoni ikiendeshwa na kijana mwenye miwani. Akasema jaza. Blandina akaweka bomba, pampu ikakata pale pale. Akabonyeza tena, petroli ikafoka nje, ikammwagikia yule kaka kwenye viatu. Blandina akamwambia, "Kaka, limejaa hili, asubuhi tumelijaza." Yule kaka akasimama anatazama tundu la tenki. Alisimama muda mrefu mpaka gari la nyuma likapiga honi. Akafunga mfuniko mwenyewe, akasema asante, akaingia barabara ya Mbeya.

Afande, naomba hapa uandike taratibu. Saa sita mchana Jumatatu Budeba alikuwa hajamaliza nusu saa ndani. Kutoka Ipogolo mpaka kituoni hapa kwa gari ni dakika kumi. Adrian alikuwa na petroli ya gari la baba yake kwenye viatu vyake, anainusa, anajua tenki limejaa, anajua mtu amefungiwa kwa sababu yake, na alichotakiwa kufanya ni kupandisha mlima. Angesema nilikosea. Neno moja. Mimi nimekosea mara nyingi katika kazi hii na sijawahi kufa kwa kulisema. Yeye akaona ni afadhali mtu mzima alale chini kwenye saruji, katika baridi hii ya Iringa ya mwezi wa saba, kuliko yeye kumtazama dereva machoni.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni aibu. Aibu humshika mtu. Lakini akaenda mbele zaidi.

Jumatano tarehe 9 Julai, saa 10 jioni, nilipigiwa simu na Ambokile, fundi wa Mbeya mjini, mtaa wa Mwanjelwa. Ambokile alijifunza kazi kwangu miaka mitatu. Alianza, "Mzee, unakumbuka Pijo ya Mwalimu?" Akasema jana yake Adrian alimletea gari akataka abadilishiwe floti siku hiyo hiyo, iwekwe ya aina inayosoma sawa, na ile ya zamani itupwe. Ambokile akaitoa. Mfuniko aliuona una mwandiko wangu, maana naye nimemfundisha kukwangua jina. Akamuuliza Adrian kama fundi Aroni anajua. Adrian akamwambia afanye kazi aliyoitiwa.

Ambokile akaniambia na jambo jingine. Ili aifikie floti ilibidi anyonye petroli kwanza, na zilitoka zaidi ya lita ishirini. Gari lililoibiwa mafuta yote limetembea kutoka Iringa mpaka Mbeya, zaidi ya kilometa mia tatu, na bado limebaki na lita ishirini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii imepita Mafinga, Makambako na Igawa.

Sasa naeleza kwa nini kubadilisha floti ni ubaya kuliko kunyamaza. Mtu akiharibu kitu huwa unajua kimeharibika. Adrian alitengeneza. Gari lile leo ukilileta hapa, ukifungua swichi, mshale unasoma sawa kabisa kama gari la mtu yeyote. Mimi nikisema linasoma kinyume nitaonekana mzee mwongo anayemtetea rafiki yake, na Budeba ataonekana mwizi mwenye ulimi wa mzaha. Amechukua ukweli pekee tuliokuwa nao akasema utupwe kwenye skrepa.

Ambokile hakuutupa. Aliufunga kwenye gazeti akautuma kwa basi, nikaupokea stendi jana Alhamisi saa 8 mchana. Ndicho kifaa nilichokiweka mezani hapa.

Jana hiyo hiyo saa 11 jioni Regina alinipigia simu. Mimi na baba yake ni kama ndugu, ananiita baba mkubwa. Akaniuliza, "Baba mkubwa, baba yuko wapi? Simu yake haipatikani siku ya nne, na wazee wameshafika." Nilimwambia baba yako yuko safari na simu imeharibika. Nimeimba kwaya ya kanisa miaka thelathini, na jana nilimdanganya bibi harusi. Akasema basi mwambie viatu vyake nimeshavisafisha.

Leo saa 3:40 asubuhi, mbele ya afande Frida na mkuu wa kituo, niliunga floti hiyo kwenye geji ya Pijo ya zamani niliyotoka nayo karakana pamoja na betri. Nilipoinua mkono wenye boya, kama tenki limejaa, mshale ulilala. Nilipoushusha, kama tenki limeisha, mshale ulisimama. Mkuu wa kituo aliniambia nirudie. Kisha afande Frida aliinua na kushusha mwenyewe mara tatu. Maneno A.L. KINYUME 2014 yameonekana na wote, na afande ameyanakili.

Nimeulizwa kwa nini mlalamikaji afanye hivyo. Sijui. Mimi ni fundi umeme, moyo wa mtu hauna waya wa kugusisha kwenye bodi. Ninachojua ni kwamba Jumapili tarehe 6 Budeba alimpigia simu kumkumbusha ahadi ya Mwalimu kuhusu harusi, na Jumatatu Adrian aliishika simu hiyo kama kosa. Labda alikuwa anatafuta sababu ya kukataa, akaipata kwenye mshale. Mwenzake alikuwa anadai ahadi ya marehemu, na ahadi ya marehemu huwezi kuikataa hivi hivi, lazima kwanza anayedai awe mwizi.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo, na hili linaniudhi kuliko yote.

Nilimwahidi Mwalimu floti nyingine mwaka 2014. Miaka kumi na moja. Kila alipouliza nilisema wiki ijayo, Mwalimu. Nilikwenda Mbeya mara sijui ngapi, nikapita kwenye maduka ya spea, sikuulizia. Watu wanasema mafundi ni njoo kesho, nami nakasirika wakisema, kumbe ndiyo sisi. Nilikwangua neno KINYUME mahali pasipoonekana na mtu, kule kwenye tenki, nikajiona mwaminifu. Kwenye dashibodi, mahali ambapo mtoto wa mwenye gari angeliona siku moja, sikuandika hata herufi. Karatasi na gundi vingetosha. Kama kuna mtu wa kulala ndani kwa sababu ya ule mshale, siku ya kwanza ilikuwa yangu. Zile nne zinazofuata ni za Adrian.

Naomba Budeba aachiwe leo, si Jumatatu. Basi la mwisho litakalomfikisha Rujewa kukiwa bado na mwanga linapita hapa saa saba mchana, na kutoka pale mpaka Ubaruku nitamtafutia bodaboda. Saa yake ninayo mfukoni. Nimekuwa naijaza ufunguo kila asubuhi isisimame.

Nimesomewa yote niliyosema, ni yangu, nami nayasimamia popote nitakapoitwa, hata mbele ya Adrian, hasa mbele ya Adrian.

(Sahihi) A. Luvanda

MAELEZO YA ASKARI MPELELEZI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Frida, kwa mkono wangu, kama shahidi alivyoyatoa. Nimemsomea, amekubali. Nilimshauri neno "hasira" liondolewe, amekataa. Nimepokea vielelezo: floti moja yenye maandishi, na vipande viwili vya ufito wa mwanzi wenye alama tano.

Saa 5:30 asubuhi, mbele ya mkuu wa kituo, nilimpigia mlalamikaji simu na kumuuliza swali moja: Jumatatu saa sita mchana, kule Ipogolo, pampu iliingiza lita ngapi. Nilirudia swali. Alisema yuko kikaoni na angekuja Jumatatu kuzungumza. Mkuu wa kituo ameagiza mtuhumiwa aachiwe bila masharti, na mlalamikaji aitwe kwa maandishi kujieleza kuhusu kutoa taarifa ya uongo.

Saa 6:15 mchana mtuhumiwa ametolewa mahabusu. Amekabidhiwa mkanda, viatu na simu yake, ametia sahihi. Shahidi Aroni amemvalisha saa.

Kwa utaratibu nilimuuliza mtuhumiwa kama ana malalamiko yoyote yanayohusu siku alizokaa hapa. Alijibu kwa sauti ya kawaida, akiwa anafunga kamba za viatu: "Mshale umesimama, afande."

Mkono ulikuwa umeshaandika "hana malalamiko." Nimeyafuta.